Pua ya Motokaa Yetu

Watu wote hujua kwamba motokaa hunywa mafuta, maana mafuta hununuliwa kwa fedha na kila shilingi huuma. Ni wachache wanaokumbuka kwamba motokaa huvuta pumzi pia, kwa kuwa hewa haina muuzaji. Basi na tuanze na hesabu, wasomaji wapenzi, kwani pasipo hesabu habari yangu yote itaonekana kama mchezo wa watoto. Lita moja ya dizeli haiwezi kuungua yote mpaka ipate hewa isiyopungua lita 10,000 hivi. Hayo ni matangi kumi ya plastiki ya lita 1,000, kama lile lililo nyuma ya jiko letu la shule, yote yamejaa hewa tupu, kwa kuchoma lita moja tu ya mafuta. Gari litokalo kwetu Lupiro likaenda Ifakara na kurudi humeza hewa ya kujaza darasa zima.

Sasa jiulize, hewa hiyo yote yatoka wapi? Katika magari mengi madogo ya mizigo mdomo wa kuvutia hewa umefichwa chini ya boneti, au ndani ya madigadi ya mbele, karibu kabisa na gurudumu. Kwa nchi yenye lami na mifereji mahali hapo pafaa sana. Kwetu bondeni Kilombero ndipo mahali pabaya kuliko pote, maana wakati wa kiangazi gurudumu hurusha vumbi hapo hapo, na wakati wa masika hurusha maji hapo hapo.

Vumbi ni adui wa polepole. Ndani yake mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipenya chujio huchanganyika na oili zikawa kama unga wa kunolea visu, zikala ringi na kuta za silinda, hata gari likaanza kutoa moshi wa buluu na kumaliza oili. Maji ni adui wa ghafula. Hewa hukubali kubanwa, maji hayakubali. Injini ya gari letu, ambayo ni Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli ya aina ya 3L, ina silinda nne zenye ukubwa wa lita 2.8 hivi kwa jumla. Hewa hubanwa humo mara ishirini na mbili, hata pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki katika kila silinda ni kama vijiko viwili vikubwa vya chakula. Maji yakizidi vijiko viwili katika silinda moja, pistoni haina pa kwenda. Sharti kitu kipinde au kivunjike, na mara nyingi kinachopinda ni konrodi.

Mambo haya sikuanza kuyasoma kitabuni. Niliyaona kwa jirani yetu masika ya mwaka 2022. Pikapu yake iliingia katika dimbwi karibu na mashine ya kukoboa mpunga, maji hayakufika hata mlangoni, na injini ikasimama kwa mlio mmoja tu, ko! Fundi alipoifungua alitoa konrodi mbili zimepinda kama miguu ya panzi. Gharama aliyotajiwa ilizidi thamani ya mavuno yake ya mwaka ule. Gari lile lingali chini ya mwembe, kuku hutaga mayai kitini pa dereva, na mwenyewe sasa hulima vibarua katika mashamba ya watu.

Baba alikwenda kulitazama gari lile mara nyingi kuliko ilivyopasa. Kwetu Hilux ni shamba la pili. Hubeba mpunga kutoka mashambani mpaka mashineni, hubeba mabati, saruji, maharusi, na usiku hubeba wagonjwa. Dada yangu mkubwa yuko chuo cha uuguzi, na karo yake hutoka katika gari hilo, wala haitoki penginepo. Hata mwezi wa Mei, 2023, baba akapata mnunuzi. Bei aliyotoa ilikuwa ya kumhurumia mwenye kuuza. Baba akasema, "Kheri niuze gari zima kuliko kungoja masika niuze chuma chakavu." Wakaagana kwamba mnunuzi atarudi Julai, watu watakapokuwa wamekwisha kuvuna. Mimi nilifika nyumbani likizo ya Juni, nikiwa Kidato cha Tatu, nikaikuta habari hiyo mezani pamoja na chakula.

Dawa yenyewe yajulikana. Ni kuupandisha mdomo wa hewa mpaka usawa wa paa, kwa bomba linalotoka madigadini na kupanda kando ya nguzo ya kioo cha mbele. Matrekta yanayolima mpunga kwetu yana pua ndefu iliyo juu ya boneti tangu zamani, na hakuna anayeshangaa. Pua za namna hiyo za magari huuzwa tayari Dar es Salaam, na bei ambayo baba aliambiwa kwa simu ilikuwa shilingi 480,000, pasipo ufundi wala nauli ya kuileta. Baba alicheka, akakata simu. Ndipo nilipokwenda kwa mjomba, ndugu yake mama, ambaye ana gereji ndogo Ifakara chini ya kivuli cha mti.

Baada ya shikamoo na marahaba nilimweleza. Mjomba hakunidharau. Alisema kwamba kazi hiyo yawezekana, tena kwa bomba la PVC la inchi 2 alilobakiza alipojenga choo chake, nami sitalipa hata senti. Nikamwambia, "Mjomba, naona inchi 2 ni nyembamba." Akajibu, "Mpwa wangu, hewa si uji. Itapita." Hapa ndipo ulipoanza ubishi wetu wa siku tatu, na nadhani ubishi huo ndio ulioliokoa gari kuliko bomba lenyewe.

Nilimfanyia mjomba hesabu kwa chaki juu ya mlango wa gereji. Injini ya mipigo minne hujaza ujazo wake mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 3,500 kwa dakika, hiyo ni mara 1,750, na kila mara lita 2.8, yaani karibu lita 4,900 za hewa kila dakika, ukiacha upungufu kidogo. Hewa hiyo ikilazimishwa kupita katika bomba la inchi 2 sharti ikimbie zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Katika bomba la inchi 3 mwendo wake hushuka chini ya nusu ya huo, maana tundu la inchi 3 lina nafasi mara mbili na robo ya tundu la inchi 2. Tena ugumu wa kuvuta hewa haupandi sawasawa na mwendo wake, bali mwendo ukizidi mara mbili ugumu huzidi mara nne. Mjomba aliisoma hesabu yote, akafuta na kitambaa cha grisi, akasema kwamba yeye amefungua injini tangu kabla mimi sijazaliwa na hajaona hata moja iliyokufa kwa chaki.

Ilikuwa kweli. Basi nikaona hapana budi tupime.

Kipimo chenyewe kila mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza amekiona maabara. Ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliopindwa mfano wa herufi U na kutiwa maji nusu. Ncha moja huachwa wazi na ncha ya pili huunganishwa na mahali unapotaka kujua nguvu ya mvuto. Hewa ikivutwa upande mmoja maji hupanda upande huo na kushuka upande wa pili, na tofauti ya vimo viwili ndiyo jibu. Mpira tulinunua dukani kwa shilingi 1,500. Maji nikayatia wino wa buluu, tukaufunga mpira juu ya ubao pamoja na rula yangu ya shule. Tundu la kuunganishia tulilitoboa kwenye kasha la chujio upande wa hewa chafu, yaani kabla hewa haijapita katika chujio. Watu wengine hutoboa upande wa pili, nalo ni jambo la hatari, kwa sababu tundu la upande huo likija kuvuja kidogo tu, vumbi linakwenda moja kwa moja katika injini. Tulipomaliza tuliliziba kwa skrubu na silikoni.

Nawaomba wanaosoma mjue pia kwamba injini ya dizeli hurahisisha kazi hii. Injini ya petroli ina kilango kinachoibana hewa dereva asipokanyaga, kwa hiyo ikinguruma bure uwanjani haivuti kama ivutavyo mlimani. Ya dizeli, ikiwa na mzigo au haina, huvuta hewa karibu ile ile madhali mizunguko ni ile ile. Kwa hiyo hatukuhitaji kwenda safari. Tulifunga kila bomba kwa muda tu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mjomba akakaa kwenye usukani, akakanyaga mpaka sindano ya mizunguko ikasimama 3,500, nami nikapiga magoti mbele ya ubao.

Kwanza tulipima mdomo wa kiwandani, kama ulivyo. Tofauti ya maji ilikuwa sentimita 7. Kisha tukafunga bomba la mjomba la inchi 2, lenye urefu wa mita moja na nusu na kona mbili. Maji yaliruka kama yamechomwa, yakasimama kwenye sentimita 30. Mjomba hakuamini. Akashuka, akanikalisha mimi kwenye usukani, akaenda yeye kupiga magoti. Sentimita 30. Mwisho tukaazima bomba la inchi 3 kwa muuza vifaa aliye jirani na gereji, kwa ahadi ya kulirudisha au kulilipia, na kona zake mara hii tukazifanya kwa vipande vya nyuzi 45, viwili viwili, ili hewa ipinde polepole badala ya kujigonga ukutani. Sentimita 8.

Mjomba alinyamaza kitambo. Halafu akaniuliza, sentimita 30 ni ubaya kiasi gani? Nilimjibu kwamba mafundi wa injini za dizeli huanza kusema chujio limeziba na libadilishwe mvuto unapofika sentimita 50 au 60 hivi, chujio na mabomba yote pamoja. Kwa hiyo bomba la inchi 2 peke yake, na chujio likiwa jipya, lingekuwa limekwisha kula nusu ya uhai wa chujio. Gari lingeona uzito mlimani, lingetoa moshi mweusi, na baba angedhani dizeli imechakachuliwa. Mjomba akaenda kulipia bomba la inchi 3 kwa fedha yake mwenyewe. Lile la inchi 2 alilirudisha chooni lilikotoka.

Kutoka hapo kazi ilikuwa ya mikono. PVC hulegea ikikaa katika joto kubwa, na chini ya boneti ni kama jikoni, kwa hiyo sehemu ya ndani, ile inayotoka kwenye kasha la chujio na kupenya madigadi, hatukuifanya kwa PVC. Tulinunua kipande cha bomba la ekzosi ya lori kwa muuza vyuma chakavu, mjomba akakikata na kukichomelea kwa pembe tuliyoitaka, nami nikashinda siku nzima nikikisugua ndani kwa mchanga na brashi ya waya mpaka kutu yote ikatoka. Tundu la madigadi tulilitoboa kwa keekee, vitundu vidogo vidogo kuzunguka duara, kisha tukakata katikati yake na kulainisha kwa tupa. Ni kazi ya kutia hofu, kulitoboa gari la baba. Baba mwenyewe hakutaka kutazama. Alikwenda kunywa kahawa.

Viungo vyote tulivifunga kwa mpira mzito wa rejeta ya lori na klampu mbili mbili. Bomba la nje lilishikwa na vipande viwili vya chuma bapa kwenye nguzo ya kioo, chini yake tukaweka tyubu ya tairi ili mtetemo wa barabara usiipasue PVC. Tulipima pia kwamba bomba halimzibi dereva asione kioo cha pembeni. Juu kabisa, kwa ajili ya mvua, tulihitaji kofia yenye nafasi pande zote. Kofia iliyofaa barabara ilikuwa sufuria ndogo ya mama ya kuchemshia maziwa. Tuliigeuza kifudifudi juu ya vipande vitatu vya chuma, tukazungushia wavu wa nyuki na ndege. Mama aliipata habari hiyo jioni, na habari hiyo si ya gazeti la shule. Rangi nyeusi tulipaka mwisho, maana PVC isiyopakwa rangi hukaushwa na jua ikawa kama ganda la yai.

Sasa likabaki jaribio moja ambalo kwalo pua yote husimama au huanguka. Injini ikinguruma polepole, unaziba mdomo wa juu kabisa. Ikiwa viungo vyote ni vizima, injini haina mahali pengine pa kupata pumzi, nayo itakufa. Ikiendelea kunguruma, ujue inavuta hewa mahali usipopajua, na panapopita hewa patapita maji. Usizibe kwa kiganja, kwa sababu mvuto una nguvu. Sisi tulitumia kipande cha ubao kilichovishwa mpira.

Baba alikuwapo, na majirani kadhaa, kati yao yule wa gari la chini ya mwembe. Nilipanda juu ya ngoma ya mafuta, nikaondoa kofia ya sufuria, nikaweka ubao. Injini ikabadilika sauti, ikayumba, kisha ikaendelea. Nikakandamiza kwa mikono miwili. Ikaendelea. Baba akatikisa kichwa, akageuka kutazama barabara, nami nikajua anamfikiria mnunuzi. Mjomba akasema, "Izime."

Tulikagua kiungo kimoja kimoja. Kila kimoja kilikuwa kizima. Mjomba akalala chini ya boneti na tochi, akapapasa kasha la chujio kwa chini, akacheka peke yake. Chini ya kasha lile kiwandani waliweka ulimi mdogo wa mpira unaotoa vumbi na matone ya maji. Ulimi wa gari letu ulikuwa umeoza miaka mingi, limebaki tundu la kupitisha kidole, nalo lilikuwa likivuta vumbi la gurudumu wakati wote, hata kabla hatujafikiri habari ya pua. Aliliziba kwa kipande cha mpira na bolti. Nikapanda tena juu ya ngoma. Nilipoweka ubao injini ilisema hhh mara moja, ikatetemeka, ikafa, na ubao ukaganda pale juu kama umegundishwa. Watu walipiga makofi. Pengine ndiyo mara ya pekee katika gereji ile ambapo watu wameshangilia injini iliyozimika.

Mnunuzi alikuja Julai. Baba alimpa chai.

Niseme neno juu ya vijana wenye magari madogo mjini, kwa sababu wengine wamekwisha kuniuliza kama pua kama hii huongeza nguvu. Wao hutoa kasha zima la chujio, wakafunga chujio la umbo la pia katikati ya injini, wakafurahi kwa sababu gari linavuma. Sauti wameipata kweli. Lakini hewa ya chini ya boneti ni ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu wa karibu asilimia 12 kuliko hewa ya nyuzi 20, na injini huchoma kwa kadiri ya uzito wa hewa, si kwa kadiri ya kelele. Kasha wanalolitupa liliwekwa pale makusudi, kulitenga chujio na joto. Pua yetu yavuta hewa baridi ya nje, lakini ile ya kiwandani nayo ilikuwa ikivuta hewa ya nje, kwa hiyo nguvu hatukuongeza wala hatukuzitafuta. Kama maji ya ubao wetu yameongezeka sentimita moja tu, basi nguvu tulizopoteza hazionekani.

Wala pua haigeuzi gari kuwa mtumbwi. Hili baba alilitilia mkazo kuliko sisi wote. Maji yanapokuwa mengi, breki hulowa, feni hurusha maji juu ya waya, na maji yaingia katika giaboksi na difu kwa njia za hewa zake. Zaidi ya hayo yote, maji yanayokwenda kasi, yakifika sentimita 60 tu, yaweza kulinyanyua gari na kulichukua, liwe na pua au lisiwe nayo. Baba alikata fimbo, akaipiga mstari mwekundu usawa wa katikati ya gurudumu. Anatangulia kwa miguu na fimbo, na maji yakifunika mstari safari imekwisha. Kama maji yanakwenda kasi, hata fimbo haitoi garini.

Masika ya mwaka 2024 mvua zilikuwa kubwa kupita kawaida, na bonde lilijaa. Nilikuwa nyumbani likizo fupi ya Pasaka. Usiku mmoja jirani yetu yule wa gari la mwembeni aligonga mlango. Mkewe alikuwa na uchungu tangu mchana, mkunga amesema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali Ifakara. Tulimlaza juu ya godoro nyuma, mama na mumewe wakamshika, nami nikashikilia turubai. Mahali palipoinama maji yalikuwa yametanda juu ya njia, yametulia. Baba alishuka na fimbo na tochi, akaenda mpaka ng'ambo, akarudi. Mstari ulikuwa ukionekana, upana wa vidole viwili.

Tuliingia polepole, gia ya kwanza. Tulipofika katikati likaja lori kutoka mbele, nalo halikupunguza mwendo. Wimbi lake lilikuja kama ukuta mdogo, likapanda juu ya boneti, likapiga kioo. Taa zikawa chini ya maji kwa muda, nuru ikawa ya manjano. Mimi sikusikia kitu kingine ila injini, nikiingojea ile ko! Haikubadili sauti. Siwezi kuapa kwamba pasipo pua ile ingekufa, maana wimbi lilipita kwa nukta chache. Ninachojua ni kwamba mdomo wa zamani ulikuwa chini ya wimbi lile, na mdomo mpya ulikuwa juu yake. Daraja la mto Kilombero, lililofunguliwa mwaka 2018, lilikuwa jeupe mbele yetu katika mvua. Zamani pale wangengoja kivuko mpaka asubuhi. Mtoto alizaliwa kwa upasuaji kabla ya alfajiri, wa kike, mzima, na mama yake mzima.

Kwa wale wanaotaka hesabu ya fedha, ni hii. Bomba la inchi 3 shilingi 18,000, kona nne 12,000, kipande cha ekzosi 10,000, kuchomelea 15,000 (mjomba aliazima mashine ya mwenzake), klampu sita 12,000, silikoni 5,000, rangi 6,000, na chujio jipya 25,000. Jumla shilingi 103,000, pamoja na ule mpira wa kupimia 104,500. Sufuria sikuiandika, maana deni lake bado halijalipwa.

Faida kubwa, hata hivyo, hatukuiona kwenye maji, tuliiona kwenye vumbi. Kiangazi cha mwaka 2022 baba alikuwa akilipuliza chujio kila wiki, nalo hutoa vumbi la kujaza nusu kikombe cha chai. Kiangazi cha 2023, kwa njia zile zile na mizigo ile ile, wiki tatu zilitoa pungufu ya hapo. Sehemu ya faida hiyo yatoka juu, ambako vumbi ni dogo, na sehemu yatoka kwenye lile tundu la kidole lililozibwa. Chujio la karatasi hupulizwa kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo. Ukipuliza kutoka nje unalipigilia vumbi ndani ya karatasi, na ukipuliza kwa nguvu unaitoboa.

Ubao wenye mpira na wino nilimwachia mjomba. Baba alipokuja siku ya wazazi alinieleza kwamba ubao huo sasa umetundikwa gerejini, na kila gari la dizeli linaloletwa kwa ajili ya moshi mweusi hupimwa kwanza kabla pampu haijaguswa. Juzi ilikuja Hiace ambayo mwenyewe alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wawili kwa ajili ya pampu mpya. Mjomba aliipima, akapata sentimita 41. Akatia mkono katika mdomo wa hewa, akatoa kiota cha panya, na panya mwenyewe akafuata.